Pesa inaisha tarehe 20, na Desemba kuna kipaimara

Swali: Tuko watano, tunaishi Mbagala: mimi, mume wangu na watoto watatu. Kipato chetu kwa pamoja ni kama 550,000 kwa mwezi. Kodi ya nyumba ni 80,000, upatu 30,000 (tuko watu 10, zamu yangu ni Novemba). Vya jikoni nanunua kila siku: unga kilo kwa kilo kwa 1,600, kama kilo 22 kwa mwezi, sukari robo kwa 900 ingawa kilo ni 3,200, mafuta ya kula vipimo viwili vya 500 kila siku. Mkaa nanunua wa 1,500 kila siku kwa ajili ya maharage na maji ya kuoga, na mtungi mdogo wa gesi wa 24,000 unaisha kwa wiki tatu. Ikifika tarehe 20 hatuna kitu, tunakopa kwa Mangi wa dukani. Kila mwisho wa mwezi deni ni kama 70,000. Mshahara ukitoka tunalipa na kuanza upya. Mtoto wa kwanza anapata kipaimara katikati ya Desemba. Ndugu wa mume wanataka ukumbi na watu 150, wanasema watachangia. Mume anafikiria kukopa. Nianzie wapi?

Jibu: Dada, kabla hujapunguza chochote kwenye sahani za watoto, litazame vizuri hilo deni la Mangi. Umesema kila mwezi ni 70,000. Halipandi, halishuki. Maana yake ni kwamba mnachotumia kinalingana na mnachopata; kama mngetumia kuliko kipato, deni lingekuwa 90,000, kisha 110,000. Ninyi mnaishi nyuma ya mshahara kwa siku kumi, basi. Shimo ni moja na lina ukubwa unaojulikana, na likifukiwa mara moja halirudi. Ndiyo maana nakusihi mume asikope kwa ajili ya sherehe. Mkopo wa mtaani unaodaiwa kila wiki utachimba shimo la pili kabla hamjaliziba la kwanza, na marejesho yake yataangukia Januari, mwezi wa sare na madaftari.

Shimo lenyewe linazibwa na nini? Wengi wangekuambia punguza nyama. Mimi nakuambia tazama moto. Mkaa wa 1,500 kwa siku 30 ni 45,000. Mtungi wa 24,000 unaodumu siku 21 ni sawa na 34,000 kwa mwezi. Jumla 79,000. Mnalipia moto karibu sawa na mnavyolipia nyumba.

Anza na maharage, maana hayo ndiyo yanayokula mkaa. Chagua na osha jioni, kisha loweka kwenye maji mengi, mara tatu ya ujazo wa maharage, kwa saa 8 hadi 12. Asubuhi mwaga maji hayo na weka mapya. Maharage yaliyolowekwa huiva kwa karibu nusu ya muda. Usiweke nyanya, ukwaju wala ndimu mpaka yawe yameiva kabisa, kwa sababu uchachu hufanya ganda ligome kulainika, na hapo utachoma mkaa wa saa nzima bure. Magadi huharakisha, ni kweli, lakini huharibu vitamini B1 na kubadilisha ladha, ukiloweka huyahitaji. Na kama umeloweka usiku kucha na bado yanakaa saa mbili jikoni, ujue umeuziwa maharage ya zamani. Yaliyokaa muda mrefu kwenye stoo yenye joto hugoma kuiva hata uyafanye nini. Badilisha muuzaji, na kabla ya kununua kilo nyingi nunua robo ukajaribu.

Ukiwa na friji ya kuyahifadhi, pika mengi kwa wakati mmoja: kilo moja na nusu mara mbili kwa wiki, badala ya nusu kilo kila siku. Yakichemka, punguza moto. Maji yanayochemka yana nyuzi joto 100, na hayazidi hapo hata uweke moto wa kuchomea nyama. Moto mkali unatoa mvuke tu. Jiko la gesi la kawaida likiwa limefunguliwa lote hula kama gramu 150 hadi 200 kwa saa, yaani mtungi wa kilo 6 ni saa 30 hadi 40 za moto mkubwa. Mtungi huohuo kwa moto mdogo, sufuria limefunikwa, unakwenda mbali zaidi.

Kisha tengeneza kapu la joto. Ni kifaa kisicho na gharama ambacho wengi hukiacha kwa sababu walikijaribu vibaya mara moja. Chukua kapu la ukindu au boksi gumu kubwa kuliko sufuria lako kwa sentimita 10 kila upande. Jaza pembeni na chini matambara makavu, vipande vya godoro au blanketi kuukuu, uyashindilie mpaka yabaki na nafasi ya sufuria peke yake. Shona mto wa kufunika juu, nao uwe na unene wa sentimita 10. Maharage yaliyolowekwa yachemshe kwa nguvu dakika 20. Hatua hiyo usiiruke, kwa sababu maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko wa kweli, siyo na uvuguvugu. Funika vizuri, futa masizi na hakikisha hakuna kaa lililonasa chini, tumbukiza kapuni, weka mto, na usifungue kwa saa tatu hadi nne. Ukitoa, rudisha motoni yachemke tena, kisha unga. Wali unachemka dakika tano tu motoni, unamalizia kapuni kwa muda wa saa moja.

Panapoharibika ni hapa: sufuria likiwa nusu tupu hupoa haraka, kwa hiyo lijae angalau theluthi mbili. Ukifunua kuchungulia, joto limekwisha. Na usilaze chakula kapuni usiku kucha. Kikishakuwa vuguvugu, joto hilo ndilo wadudu wa kuchachisha wanalopenda, na kwa hali ya hewa ya Dar kitaharibika kabla ya alfajiri.

Maji ya kuoga ya watoto usiyachome mkaa. Dumu la lita 20 lililopakwa rangi nyeusi, likikaa juani juu ya bati kuanzia saa nne asubuhi, saa kumi jioni lina maji ya moto ya kutosha. Siku za mvua chemsha sufuria moja na uchanganye.

Kuna njia nyingine ya moto nafuu, jiko la presha la umeme. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa haitumii hata nusu uniti. Ili ujue ni shilingi ngapi kwako, chukua risiti ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, na ugawanye pesa kwa uniti ulizopata, lakini chagua risiti ya pili au ya tatu ya mwezi, kwa sababu ya kwanza huwa imekatwa kodi ya jengo. Ukipata uniti 28 kwa 10,000, uniti moja ni kama 357, na maharage yako yameiva kwa pungufu ya 180. Mkaa haukaribii hapo. Ila kama mnachangia mita moja na wapangaji wengine, jiko hilo litaleta ugomvi kabla ya kuleta akiba. Nunua presha ya kawaida ya kuweka juu ya gesi, ambayo huivisha maharage yaliyolowekwa kwa dakika 25 hivi. Vyote viwili visubiri mpaka deni liishe. Kapu linatosha kuanzia.

Unaponunua gesi, omba mtungi upimwe mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chake, ukisoma 7.2, mtungi wako mdogo uliojaa lazima usome 13.2. Na ukiona moto umekuwa wa njano na masufuria yanakuwa meusi, zima jiko, subiri lipoe, safisha vitobo na sehemu ya kuingizia hewa, maana gesi inaungua vibaya na unalipia masizi.

Kwa kuloweka, kapu na dumu la juani, mkaa wa kila siku unabaki mkaa wa siku moja moja. Gharama ya moto ikishuka kutoka 79,000 hadi 45,000, hapo pekee umepata 34,000.

Sasa unga. Tuseme debe la mahindi Tandika ni 14,000, kukoboa na kusaga ni 2,500, kusaga bila kukoboa ni 1,500. Debe la mahindi makavu lina kama kilo 18. Ukikoboa utapata sembe kilo 13 hivi, kwa hiyo kila kilo imekugharimu kama 1,270. Ukisaga dona utapata kama kilo 17 na nusu, kila kilo chini ya 900. Nunua madebe mawili, moja sembe, moja dona, uchanganye wakati wa kusonga ili watoto wazoee. Utatumia 32,000 na kupata zaidi ya kilo 30, ambazo kwa Mangi zingekuwa zaidi ya 48,000. Kwa kilo 22 mnazokula kwa mwezi, unaokoa kama 12,000. Huhitaji mtaji mpya wa kufanya hivi, maana pesa hiyo unaitoa kila mwezi. Tofauti ni kwamba utaitoa siku ya mshahara kwa mkupuo mmoja.

Angalia mambo machache sokoni. Nunua kwa mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo ukiweza, kwa sababu madebe mengine yamebonyezwa kitako. Pima ukavu wa mahindi kabla ya kulipa: weka chumvi kavu vijiko viwili kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza mahindi kiasi cha robo chupa, funga, tikisa dakika chache na uache dakika kumi. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu na yataota ukungu. Ukungu huleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Mahindi yenye harufu ya uvundo au punje za kijani na nyeusi yaache hata yakiuzwa nusu bei. Dona usisage lote. Kiini cha punje kina mafuta, nayo huchacha, kwa hiyo saga linalotosha wiki mbili au tatu. Mashineni dai pumba zako. Jirani mwenye kuku atazinunua. Bei ya mahindi huwa chini kuanzia mavuno ya nyanda za juu kusini, Juni mpaka Septemba hivi, na hupanda sana kuelekea Januari na Februari. Ukinunua ya miezi mitatu mwezi wa tisa, yaweke kwenye mfuko wa kinga njaa wenye matabaka matatu, ufungwe kila tabaka peke yake. Wadudu humo hufa kwa kukosa hewa, hakuna haja ya dawa.

Mafuta ya kula nayo yana siri yake. Sijui kipimo cha dukani kwenu kina ujazo gani, lakini wewe utajua leo hii: chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita na uhesabu vipimo vingapi vinaijaza. Vikiwa sita, lita moja unainunua kwa 6,000. Hata hivyo bei siyo tatizo kubwa hapa. Vipimo viwili kwa siku ni 30,000 kwa mwezi, na kwa ujazo huo ni lita tano. Watu watano wanatoshwa na lita tatu, yaani mililita 20 kwa mtu kwa siku, vijiko vya chai vinne. Dumu la lita tano likipatikana kwa 26,000, litadumu siku 50, na kila mwezi umebakiza kama 14,000. Weka kijiko kando ya dumu na upime. Mafuta yanayomiminwa kwa macho hayana kipimo. Sukari usitegemee mengi: kununua kilo badala ya robo kunakuokolea 400 kwa kilo, kwa kilo tano ni 2,000. Fanya, lakini usijisumbue kwenda Kariakoo kwa ajili yake, nauli itaimeza.

Kununua kwa wingi kunawashinda watu wengi kwa sababu moja, na naomba uisome mara mbili. Kitu kikiwa kingi ndani, mkono unakuwa mwepesi. Chai inaongezwa sukari, jirani anaazima kikombe cha mafuta, ugali unasongwa mkubwa na unamwagwa. Kilo tano za sukari zikikaa mezani zinaisha kwa wiki tatu, na utasema heri robo robo. Dawa yake ni makopo. Siku ya mshahara gawa kila kitu kwa wiki nne, yatakayotumika wiki hii yakae jikoni, mengine yafungiwe kwenye ndoo chumbani. Jumamosi ndipo unajaza tena. Kopo likiisha Alhamisi, mnavumilia mpaka Jumamosi. Mwezi wa kwanza litaisha mapema, wa pili utajua kiasi chenu halisi.

Mboga na nyanya endelea kununua kwa siku au kwa siku mbili, hazihifadhiki bila friji. Nyanya masalo, zile zilizoiva mno, ni nafuu ukizipika siku hiyohiyo. Dagaa wa Mwanza waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu, mchanga uondoke. Maziwa, mayai na dagaa wa watoto usiviguse katika kubana huku.

Hesabu ya miezi mitatu inakwenda hivi. Septemba unabadilisha moto na unga: umeokoa 46,000, kwa hiyo mwisho wa mwezi deni kwa Mangi ni 24,000 badala ya 70,000. Mweleze mapema, atafurahi. Oktoba unaongeza mafuta na sukari, akiba inakuwa 62,000: unamaliza deni na kubaki na 38,000. Novemba inaisha ukiwa na kama 100,000 mkononi, na juu yake 300,000 ya upatu. Pesa ya upatu siku ileile igawanye. Toa 150,000 ya Januari, uipeleke kwa fundi wa sare mapema kabla foleni hazijaanza na uache pindo la sentimita 8 kwenye sketi na suruali, lifunguliwe mwakani mtoto akirefuka. Kilichobaki, pamoja na ile 100,000, ni 250,000. Hiyo ndiyo sherehe yako, na msipange kitu kinachozidi hapo isipokuwa kimeletwa mkononi.

Kuhusu watu 150. Gharama za sherehe zinaamuliwa na idadi ya watu, na karibu kila kitu kingine kinaifuata: ukumbi, viti, nyama, soda, sahani, hata spika. Ukipunguza ubora wa chakula kwa watu 150, wageni watanung'unika na utakuwa umeokoa kidogo. Ukipunguza watu mpaka 60 na kuwalisha vizuri, kila mmoja ataondoka ameridhika. Orodhesha kwanza mtoto mwenyewe na msimamizi wake wa kipaimara, kisha babu, bibi, wajomba, mashangazi, kisha majirani wa karibu na watu wa jumuiya ndogondogo. Ukifika 60, funga daftari. Mume ndiye awaambie ndugu zake, siyo wewe, na aseme mapema, Septemba, kabla hawajaanza kusambaza habari.

Fanyeni nyumbani, mchana, mara baada ya Misa, kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja. Sherehe ya jioni inahitaji taa, ulinzi, pombe na mara nyingi chakula cha pili. Ya mchana inaisha kabla ya giza na wageni wanawahi daladala.

Michango ya ndugu iombe kwa vitu. "Changia kipaimara" huzaa ahadi, na ahadi haipiki pilau. "Mjomba, tunaomba ulete mchele kilo nne" huzaa mchele. Mgawie kila mtu kitu kimoja chenye kiasi, tuma ujumbe kwa simu, na uweke siku ya mwisho iwe wiki mbili kabla. Siku hiyo hesabu kilichofika. Kile ambacho hakijafika kifute kwenye mipango au ukinunue mwenyewe, na usimngoje mtu.

Kwa watu 60, wakubwa 40 na watoto 20, viwango ni hivi. Mchele kilo 8. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa kiasi kilo 5 ya kupikia pilau. Kuku wa kisasa 8, kila mmoja vipande 8. Kama pesa haitoshi, hiki ndicho cha kuondoa kwanza, na uongeze nyama kilo 2. Vitunguu kilo 2 na nusu kwa pilau, mafuta lita moja, viazi kilo 3. Kachumbari: nyanya kilo 4, vitunguu kilo 2, ndimu. Tikiti matatu makubwa, na kwa kuwa ni Desemba, maembe na mananasi yako tele na bei iko chini. Jaza meza matunda, yanaipendezesha kuliko maua ya plastiki. Keki ya kilo 2 ya umbo la mstatili inatoa vipande 60 vidogo. Ya duara yenye ghorofa inapotea kwenye mapambo.

Pilau usilipike sufuria moja la kilo 8. Moto haufiki katikati: chini linaungua, juu mchele mgumu. Tumia masufuria mawili mazito ya lita 20, kilo 4 kila moja. Chemsha nyama na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi mpaka ilainike, uhifadhi supu. Kaanga vitunguu mpaka viwe vya kahawia kabisa. Rangi ya pilau inatoka hapo, na wanaoharakisha hatua hii ndio wanaopata pilau jeupe. Tia viungo, bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, kisha nyama na viazi, kisha supu na maji jumla lita 6 kwa kilo 4 za mchele. Mchele mpya unanyonya kidogo, lita 5 zinatosha. Jaribu kikombe kimoja siku mbili kabla ujue ulionao ni upi. Maji yakichemka tia mchele. Yakikaribia kukauka, toa moto mwingi chini, funika na upalie makaa juu ya mfuniko kwa dakika 25. Kama hamna friji ya kuaminika, msichemshe nyama usiku. Nunueni alfajiri, wapishi waanze saa kumi na mbili.

Vinywaji: krate mbili za soda za chupa za kioo, hasa kwa watoto, na kubaliana na duka kwamba zisizofunguliwa zinarudi. Wakubwa wape juisi ya ukwaju. Ukwaju kilo 2, sukari kilo 2, maji yaliyochemshwa yakapoa lita 18 hadi 20, barafu kando. Maji ya kunywa nunua madumu makubwa mawili, achana na chupa ndogo.

Weka watu wawili wa kupakua, mmoja pilau kwa upawa mmoja wa saizi moja, mwingine kuku, kipande kimoja kimoja. Anayejipakulia mwenyewe hujaza sahani kuliko anavyoweza kula, na wa mwisho kwenye foleni wanakuta mifupa. Watoto wapakuliwe kwanza, nusu upawa. Sahani na viti kodisha. Turubai uliza jumuiya yenu kama wanalo la kuazimisha kabla ya kulipia la kukodi.

Nguo ya mtoto usinunue mpaka umuulize katekista parokia inataka nini, kwa sababu parokia nyingi zina utaratibu wao na gauni la bei linaweza kukataliwa. Gauni jeupe la siku moja heri kulikodi au kuliazima kwa binamu aliyepata mwaka jana. Kama ni mvulana, shati jeupe na suruali nyeusi atavivaa tena, hivyo nunua vyenye nafasi kidogo. Wewe na mume vaeni kitenge mlichonacho. Sare mpya ya familia inaweza kula bajeti sawa na ya nyama.

Zawadi za pesa atakazopewa mtoto siku hiyo zisitumike kulipia viti kesho yake. Mteue shangazi mmoja azipokee na kuziandika. Na kabla ya mzunguko mpya wa upatu kuanza, ombeni zamu yenu mwakani iwe Desemba mwishoni badala ya Novemba, pesa iingie ikiwa shule zimebakiza wiki chache kufunguliwa na sikukuu hazijaipata.